Kumtambua pange kwa picha: tathmini ya iNaturalist baada ya misimu miwili ya masika

Mwezi Machi, katika wiki za mwanzo za masika, nilikuwa nimesimama kando ya josho moja upande wa Turiani, wilayani Mvomero, nikisubiri ng'ombe wa mwisho wavuke dawa, nilipomwona nzi ambaye katika miaka kumi na moja ya kazi ya ugani wa mifugo sikuwahi kumtazama kwa makini. Alikuwa ameganda hewani mbele ya ua la zambarau lililoota ukingoni mwa mfereji, mabawa yake yakivuma kwa sauti nzito kuliko ya nyuki, na mbele ya kichwa chake kulichomoza kitu chembamba, cheusi, kilichonyooka kama shazia ya kushonea magunia. Mzee mwenye kundi alisogea, akamtazama, akaniambia, “Huyo si ndorobo, bwana mifugo. Ndorobo namjua tangu utoto. Huyo ana mkuki.” Niliwahi kupiga picha tatu kwa simu kabla nzi hajaondoka, na picha hizo tatu ndizo zilizonifikisha kwenye huduma ninayoitathmini hapa, iNaturalist, huduma ya mtandaoni ya kutambua viumbe kwa picha, ambayo nimeitumia kwa misimu miwili kwa kazi moja tu, nayo ni kuwatambua pange kwa njia ya picha.

Kwa mtu wa kazi yangu, kujua nzi gani yuko malishoni hubadilisha ushauri anaompa mfugaji. Ndorobo, au mbung'o, hubeba vimelea vya ugonjwa wa nagana, na vimelea hivyo hukua kwanza ndani ya mwili wake kabla hajawa na uwezo wa kumwambukiza mnyama mwingine. Pange hufanya kazi hiyo kwa njia nyingine kabisa: anapong'ata huuma vibaya, ng'ombe humfukuza kwa mkia kabla hajashiba, naye huhamia kwa ng'ombe wa jirani damu ikiwa bado mbichi mdomoni mwake. Ndivyo anavyoweza kuhamisha Trypanosoma vivax, mojawapo ya vimelea vya nagana, kutoka kwa mnyama hadi mnyama hata mahali pasipo na ndorobo, ndivyo ndugu yake, Trypanosoma evansi, anavyosambaa kwa ngamia wa kaskazini mwa Kenya, na ndivyo anavyochangia kueneza ndigana baridi. Kumtofautisha na ndorobo hakuhitaji programu yoyote, kwa kuwa ndorobo anapotulia mabawa yake hulala moja juu ya jingine kama visu vya mkasi uliofungwa, ilhali pange, ambaye wengine humwita chafuo, huyaacha yametanuka pembeni au huyainamisha kama paa la nyumba. Ugumu huanza ndani ya pange wenyewe, kwa sababu familia yao, Tabanidae, ina takriban spishi 4,500 duniani, na nyingi kati yake kwa macho ya kawaida ni nzi wanene wa kahawia wanaofanana.

Kabla ya iNaturalist nilikuwa nimejaribu programu nyingine ya bure, ambayo sitaitaja jina, inayojitangaza kuwa inatambua mdudu yeyote kwa picha moja. Niliipa picha ya pange wa kawaida aliyetua ubavuni mwa ng'ombe, nayo ikanijibu kwa sekunde chache kwamba huyo ni Tabanus bovinus, kwa uhakika wa asilimia 98. Tabanus bovinus ni pange wa Ulaya na maeneo ya jirani yake, na picha yangu ilipigwa Dakawa, hapa Tanzania. Programu ile haikuniuliza nilikuwa wapi, haikuonyesha ni alama gani ya mwili iliyoifikisha kwenye jina hilo, wala haikuwa na mahali pa kumwuliza mtu yeyote. Kibaya zaidi ni ile asilimia iliyoandikwa kwa rangi ya kijani, kwa sababu mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo aliyekuwa nami aliinukuu kwenye daftari lake kama matokeo ya maabara. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiipima kila huduma ya utambuzi kwa swali moja: ikifika mahali ambapo picha haitoshi, hufanya nini?

iNaturalist ilianza mwaka 2008 kama mradi wa wanafunzi watatu wa shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Baadaye ililelewa na California Academy of Sciences tangu 2014, National Geographic Society ikaungana nayo mwaka 2017, na tangu 2023 ni shirika linalojitegemea lisilotafuta faida. Ni ya bure na haina matangazo. Mtumiaji hufungua akaunti, hupakia picha pamoja na tarehe na mahali, kisha mambo mawili hufuata: kompyuta hupendekeza jina kwa kulinganisha picha hiyo na picha ilizofundishwa, na watu wa kujitolea, wakiwamo wataalamu wa wadudu, hutazama rekodi na kutoa maoni yao. Sehemu ya kompyuta iliongezwa mwaka 2017, na ndiyo inayowavutia watu wengi mwanzoni, lakini kwa pange sehemu ya watu ndiyo yenye thamani kubwa zaidi, nami naipendekeza huduma hii kwa ajili yao.

Nilipopakia picha zangu tatu za nzi wa josho, moja ikiwa na ukungu mtupu, ya pili imepigwa kutoka juu na ya tatu kutoka ubavuni, mapendekezo ya kompyuta yaliishia kwenye familia: huyu ni pange. Nilikubali, kwa sababu hata mimi nisingeweza kusema zaidi. Haikutaja spishi hata moja kwa uhakika wa uongo, na jambo hilo pekee liliniridhisha. Baada ya siku kadhaa mtu mmoja ambaye ukurasa wake ulionyesha kuwa amewatambua maelfu ya nzi wa Afrika aliandika maoni mafupi: kwa mdomo ule mrefu, na kwa kuwa alikuwa akinywa kwenye ua, jenasi (yaani kundi la spishi za karibu) ya kuanzia ni Philoliche, lakini picha haionyeshi bawa, na bila bawa yeye hataweka jina. Aliomba picha tatu: kichwa kutoka ubavuni, bawa likiwa limetandazwa na mishipa yake ikionekana, na tumbo kutoka juu. Alieleza pia kwamba mdomo ule mrefu ni mrija wa kunyonyea nekta, na kwamba visu ambavyo jike hutumia kutoboa ngozi ya mnyama ni vifupi zaidi kuliko mrija wenyewe. Nilipomweleza yule mzee kwamba mkuki aliouogopa ni wa maua, aliniuliza mara mbili kama nina hakika, kisha akamwita mwanawe aje asikie.

Philoliche ni jenasi yenye umaarufu wake. Huko Afrika Kusini baadhi ya spishi zake, kama Philoliche rostrata na Philoliche gulosa, ndizo zinazochavusha maua yenye mirija mirefu ambayo nyuki hawafikii mwisho wake. Kwa hiyo nzi yule aliyeganda mbele ya ua alikuwa akifanya jambo linalojulikana vizuri katika jenasi yake, ingawa kwetu sisi tunaotazama nzi mgongoni mwa ng'ombe tu lilionekana la ajabu. Dume na jike wa pange wote hunywa nekta; jike pekee ndiye anayehitaji damu, kwa ajili ya mayai.

Sehemu ya tathmini hii ninayotaka ikae kwa msomaji ni namna ya kupiga picha, kwa sababu huduma hii, kama mahakama, haiwezi kuamua zaidi ya ushahidi ulioletwa mbele yake. Picha ambayo sote huipiga kwanza, ya mgongo wa nzi aliyetulia, husaidia kidogo kuliko inavyodhaniwa. Alama zinazowatenganisha pange ziko usoni, kwenye vipapasio, kwenye mishipa ya bawa na kwenye miguu ya nyuma, na kila moja huhitaji pembe yake.

Jambo la kwanza la kutafuta ni macho. Kwa dume macho mawili hukutana katikati ya kichwa, na kwa jike hutenganishwa na paji jembamba. Kwa hiyo picha moja ya uso kutoka mbele humaliza swali la jinsia. Kwa jike picha hiyo hufanya kazi kubwa zaidi, kwa kuwa ndani ya jenasi ya Tabanus upana wa paji, jinsi pande zake zinavyokwenda sambamba au zinavyotanuka kuelekea juu, na umbo la kinundu kinachong'aa katikati yake ni miongoni mwa alama zinazotumiwa kutenganisha spishi. Mwangaza wa jua kali hukiharibu kinundu hicho kwa kukifanya doa jeupe lisilo na umbo. Kivuli chenye mwanga wa kutosha, pamoja na karatasi nyeupe iliyoshikwa upande wa pili ili kurudisha mwanga, hutoa picha bora kuliko taa ya simu.

Macho hayohayo yana sababu nyingine ya kupigwa picha mdudu akiwa hai. Pange wengi wana mistari au madoa ya kijani, zambarau na shaba machoni, na rangi hizo hazitokani na rangi ya kawaida bali na jinsi tabaka za juu za lenzi za jicho zinavyorudisha mwanga. Nzi akifa na kukauka, rangi hizo hupotea. Mdudu aliyechomekwa pini miaka 50 katika sanduku la makumbusho ana macho meusi au ya kahawia, na mtaalamu hulazimika kuyalowesha ili mistari irudi kwa muda. Katika jambo hili picha ya simu iliyopigwa malishoni inaizidi sampuli ya makumbusho, na nimeona watambuzi wa iNaturalist wakiitumia faida hiyo vizuri: pange wa jenasi ya Haematopota wana mistari ya kupindapinda machoni, wa jenasi ya Chrysops wana madoa, na mpangilio huo huonekana hata kwenye picha ambayo mambo mengine yote yameshindikana.

Vipapasio navyo vitazamwe kutoka ubavuni. Vya Chrysops ni virefu na vyembamba, vya Haematopota mara nyingi vina pingili ya kwanza iliyonenepa, na vya Tabanus vina pingili ya tatu yenye jino dogo upande wa juu, mfano wa kichwa cha nyundo ya seremala. Bawa la Haematopota lina madoa ya kijivu yaliyopangika kama vijiua, la Chrysops lina utepe mweusi unaokatiza katikati, na la Tabanus kwa kawaida ni angavu. Kwa Philoliche kinachotafutwa ni ndani ya mishipa yenyewe: chumba kimoja karibu na ncha ya bawa, ambacho kwa Tabanus wengi huachwa wazi kwenye ukingo, kwao hufungwa kabla ya kuufikia ukingo. Hiyo ndiyo picha niliyoombwa, na ndiyo iliyonichukua mwaka mzima kuipata.

Niliipata masika yaliyofuata, kwenye mfereji uleule, kwa msaada wa kasha la barafu la kubebea chanjo. Nilimnasa nzi kwa chupa angavu ya plastiki alipokuwa ameshughulika na ua, nikafunga mfuniko, nikaiweka chupa kwa dakika tano ndani ya kasha tupu lililobakiwa na pakiti ya barafu, kisha nikamwaga nzi juu ya karatasi ya kuchorea grafu yenye miraba ya milimita. Mdudu aliyepoa hutulia kwa dakika moja au mbili bila kudhurika. Kwa lenzi ndogo ya kubana kwenye simu nilipiga picha zaidi ya arobaini: uso, ubavu, mgongo, tumbo kutoka chini, na bawa la kulia nililolitandaza taratibu kwa njiti ya kiberiti. Baada ya hapo alitikisa miguu, akajifuta kichwa, akaruka. Miraba ya karatasi ilinipa vipimo vyake: mwili milimita 16, mrija milimita 9.

Nilijaribu pia kupiga picha ya ncha ya muundi wa mguu wa nyuma. Kundi la Philoliche, pamoja na la Chrysops, huwa na miiba miwili midogo mahali hapo, na kundi la Tabanus na Haematopota halina. Katika picha zangu arobaini ni moja tu iliyoonyesha mwiba mmoja waziwazi, tena kwa kuikuza sana. Asiyekuwa na lenzi ya ziada asijisumbue na mguu, atumie muda huo kwenye bawa.

Hapa kuna jambo la kiufundi ambalo lingeniokolea kazi kama ningelijua mapema: iNaturalist hupunguza kila picha hadi pikseli 2,048 kwa upande mrefu. Picha kubwa ya simu ambamo nzi amechukua sehemu ndogo ya katikati hupoteza maelezo yake yote ikipunguzwa. Ni lazima kuikata picha kwanza ili mdudu aijaze, ndipo ipakiwe. Picha nyingi za mdudu mmoja huwekwa katika rekodi moja, wala si katika rekodi tofauti, na picha za wadudu wawili zisichanganywe hata kama mtu anaamini kuwa ni wa aina moja, kwa maana mtambuzi atahesabu alama za mmoja juu ya mwingine. Programu inaruhusu kuhifadhi rekodi bila mtandao na kuipakia baadaye, jambo lenye manufaa makubwa kwetu tunaofanya kazi mahali ambapo minara haifiki na bando hununuliwa kwa kipimo.

Baada ya picha za bawa, mtambuzi yule alirudi, akaweka Philoliche, na wa pili akakubaliana naye. Sote watatu tulijaribu kufika kwenye spishi. Rejea kuu ya pange wa Afrika kusini mwa Sahara bado ni kazi ya Harold Oldroyd wa makumbusho ya historia ya asili ya London, iliyotoka katika juzuu tatu kati ya 1952 na 1957, na Philoliche wamo katika juzuu ya tatu. Mtambuzi alinipitisha hatua kwa hatua katika maswali ya funguo za utambuzi: urefu wa mrija ukilinganishwa na kichwa, rangi ya nywele za pembeni mwa kidari, umbo la pingili za vipapasio, mwonekano wa tumbo kwa chini. Tulijibu manne, tukakwama kwenye la tano, ambalo lilihitaji kuona sehemu ya uso iliyofunikwa na kivuli katika picha zangu zote. Aliandika kwamba spishi mbili zinabaki uwezekano, akaeleza kwa nini, na akaacha jina kwenye jenasi.

Wapo watakaoona kwamba huduma iliyoniacha kwenye jenasi baada ya mwaka mzima imeshindwa. Mimi naona kinyume chake kabisa, na ndiyo sababu ya tathmini hii. Mfumo wa iNaturalist umejengwa ili uweze kusimama mahali popote katika ngazi ya majina, kuanzia familia hadi spishi, na usimame hapo kwa heshima. Rekodi yenye picha, tarehe na mahali hupata daraja la utafiti pale ambapo zaidi ya theluthi mbili ya watambuzi, wasiopungua wawili, wamekubaliana juu ya spishi. Na pale ambapo wote wanaona kwamba ushahidi hauwezi kusogea mbele zaidi, wanaweza kulitamka hilo na rekodi ikapewa daraja hilo hata ikiwa imeishia kwenye jenasi. Rekodi za daraja hilo ambazo leseni zake zinaruhusu hupelekwa kwenye hazina ya kimataifa ya takwimu za viumbe, GBIF, yenye makao yake Copenhagen, ambako mtafiti yeyote anaweza kuzitumia. Rekodi iliyoishia kwenye jenasi kwa ukweli ina faida kwake; rekodi yenye jina la spishi lililokisiwa humpotosha, na hana njia ya kuijua mpaka afungue picha moja moja.

Mapungufu yapo, nami nayaandika kwa sababu wenzangu wa ugani watakutana nayo. Kompyuta hupendekeza tu spishi zilizokuwa na picha za kutosha wakati inafundishwa, na pange wengi wa Afrika hawajafikia idadi hiyo. Kwa hiyo spishi adimu haiwezi kutokea katika orodha yake hata picha iwe safi namna gani, na jina linalofanana nalo linaweza kukaa juu ya orodha. Mtumiaji asichague jina kwa kuwa liko la kwanza. Wenye ujuzi wa nzi wa Afrika ni wachache kuliko wanaotazama ndege na vipepeo, na rekodi inaweza kukaa kimya muda mrefu. Kuna pia tabia ya baadhi ya watumiaji kubonyeza kukubaliana na jina walilolikuta bila kukagua alama, na kwa kuwa watu wawili wanatosha, makosa ya namna hiyo hupata daraja la utafiti. Dawa yake ni kusoma maoni chini ya rekodi, na rekodi isiyo na maelezo hata ya mstari mmoja mimi huipa uzito mdogo. Majadiliano mengi huendeshwa kwa Kiingereza. Hata hivyo maelezo ya rekodi yanaweza kuandikwa kwa Kiswahili, na majina ya kawaida ya Kiswahili yanaweza kuongezwa, jambo ambalo ningependa wasomaji walifanye kwa wingi, kwa sababu “pange”, “chafuo” na “mbung'o” ni majina yanayostahili kuonekana mahali hapo pamoja na ya lugha nyingine.

Kuhusu mahali, kuna uangalifu unaotuhusu sisi zaidi ya mpiga picha wa mbugani. Rekodi ya pange aliyepigwa picha mgongoni mwa ng'ombe hutaja boma la mtu. Huduma inaruhusu mtumiaji kuficha mahali halisi, na hapo ramani huonyesha alama ndani ya mraba wa digrii 0.2 kwa kila upande, yaani takriban kilomita 22 kwa 22 katika latitudo zetu. Mimi huchagua hivyo kila ninapopiga picha nyumbani kwa mfugaji, na humweleza kabla ya kupakia. Kwenye mifereji, njia za umma na majosho huacha mahali halisi, kwa sababu mtafiti anayetaka kujua pange huzaliana wapi anahitaji kuuona mfereji wenyewe. Viluwiluwi vya pange wengi hukua katika tope na udongo mbichi wa kingo za maji.

Kwa matumizi ya kila siku, matokeo yangu ni haya. Haematopota na Chrysops hufika kwenye jenasi karibu kila mara, hata kwa picha ya simu isiyo na lenzi, ilimradi bawa limeonekana. Tabanus hufika kwenye jenasi kwa picha ya kichwa kutoka ubavuni, na hufika kwenye spishi kwa wachache wenye alama za wazi, kama Tabanus taeniola mwenye mistari mirefu tumboni, ambaye ameenea sehemu kubwa ya Afrika. Waliobaki hubaki kwenye jenasi, na ushauri wangu kwa mfugaji hauharibiki kwa hilo, kwa sababu kujua kwamba wanaouma ni Tabanus wa mchana wanaotoka kwenye bonde la mto, na si ndorobo wa vichaka, kunanitosha kupanga saa za malisho na mahali pa mtego. Mtego wenyewe ninaoutumia ni ule uitwao Nzi, wa kitambaa cha bluu na cheusi, uliobuniwa Kenya na kuchapishwa kitaalamu mwaka 2002 kwa jina hilohilo la Kiswahili. Asubuhi na mapema, kabla jua halijawachangamsha, wadudu waliomo ndani yake ni rahisi kupigwa picha kuliko mahali pengine popote.

Anayehitaji jina la spishi kwa ajili ya utafiti wa ugonjwa asitegemee picha peke yake. Atahitaji sampuli iliyochomekwa pini na kupelekwa, kwa vibali vinavyotakiwa, kwenye taasisi yenye mkusanyiko wa kulinganishia, kama Makumbusho ya Taifa ya Kenya jijini Nairobi au makumbusho ya KwaZulu-Natal kule Pietermaritzburg, ambayo ina historia ndefu ya kazi za nzi. Lakini hata huko rekodi ya iNaturalist hutangulia vizuri, maana mpokeaji huiona rangi ya macho ya mdudu alipokuwa hai, ua alilokuwa akilinywa, na tarehe isiyotegemea kumbukumbu ya mtu.

Kwa utambuzi wa pange hadi jenasi naipa iNaturalist nyota tano. Kwa utambuzi hadi spishi, kwa pange wa Afrika Mashariki na kwa simu tulizo nazo, naipa tatu, na moja kati ya hizo ni ya wale watu wawili walionijibu kwa subira bila kulipwa. Rekodi ya nzi wa mfereji sijaitangaza kuwa imefika mwisho. Imesimama kwenye Philoliche, na chini yake nimeandika vipimo, saa, hali ya hewa, na ombi la mtambuzi kama alivyoliweka yeye mwenyewe: uso kutoka chini, upande wa kushoto, pasipo kivuli.